Goti la Heshima: Tuulize Kabla ya Kuhukumu

Hebu tuanze na swali. Tuseme kikundi chenu hapa Keumbu kimepokea wageni kutoka Uganda. Mama mmoja Mganda anafika mbele ya mwenyekiti, anapiga magoti chini kabisa na kumsalimu. Wengine watanong'ona, "Huyu anaomba nini?" Wengine watasema amenyanyaswa kwao. Naye akiona akina mama wetu wanasalimu wakiwa wima, atadhani hawakufunzwa adabu. Kumbe kila mmoja amefanya vile alivyofunzwa nyumbani.

Wenzetu hufanyaje?

Buganda, kwa desturi, wanawake na wasichana hupiga magoti wakisalimu wazee na wakwe, au wakimpa mgeni chakula. Mbele ya Kabaka hata wanaume hupiga magoti. Ufalme wa Buganda ulifutwa mwaka 1967 na kurudishwa 1993, lakini goti la nyumbani halikungoja serikali.

Kwa Wasukuma wa Tanzania, pia wanawake hushusha magoti wakisalimu wakubwa. Kwa Wayoruba wa Nigeria, msichana hupiga magoti, na mvulana hulala kifudifudi.

Uingereza ni namna nyingine. Mwanamke huweka mguu mmoja nyuma, akakunja magoti kidogo, mgongo umenyooka. Mwanamume huinamisha kichwa tu. Leo hufanywa hasa mbele ya mfalme na jamaa yake, na hata huko si lazima. Kwa hiyo goti la Mwingereza ni la cheo, bali goti la Mganda ni la umri, ukoo na ndoa, kila siku.

Na sisi Abagusii?

Heshima yetu haiko sana gotini. Iko katika ensoni, yaani ile haya inayotuwekea mipaka. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana na baba mkwe huachiana nafasi. Kijana hamkazii mzee macho. Mgeni asiyejua akiona hayo atasema tumekosana! Hapo tunaona kwamba heshima ni kama lugha: usipoijua, utasikia tusi mahali palipo na salamu.

Kikundi kifanye nini?

1. Mgeni akipiga magoti, msimcheke wala msimvute juu kwa nguvu. Mwitikieni kwa upole, kisha mpeni kiti.

2. Mke aliyeolewa hapa kutoka kabila lingine aelezwe desturi zetu polepole, naye aulizwe za kwao. Asiitwe mkaidi kwa jambo ambalo hakufunzwa.

3. Heshima isifunge mdomo. Hili ndilo kubwa. Mama mweka hazina anaweza kumsalimu mzee kwa heshima zote, kisha asimame na kusoma hesabu, hata kama hesabu hiyo inauliza mkopo wa mzee huyo uko wapi. Goti ni la salamu. Likitumiwa kuficha pesa za kikundi, hiyo si heshima tena, ni woga.

Maswali ya kujadili mkutanoni

Kwenu mtoto alifunzwa kumsalimu mkubwa namna gani? Je, kuna mwanakikundi anayenyamaza kwa sababu ya umri wake, au kwa kuwa ni mwanamke? Tumsaidieje aseme, huku tukiheshimiana?