Kabla Kikopo Hakijafika Maabara

Daktari akiandika kwenye fomu kwamba choo kioteshwe, anaomba kitu tofauti na kile kipimo cha choo ambacho wengi wetu tumekizoea. Katika kipimo cha kawaida, mtaalamu hupaka choo kidogo kwenye kioo na kutafuta mayai ya minyoo au amiba kwa darubini. Yai la mnyoo huonekana hata likiwa limekufa. Bakteria wa kuhara damu au wa homa ya matumbo hawajulikani hivyo, maana utumbo wa mtu mwenye afya umejaa bakteria wengine wa umbo lilelile. Sharti wapandwe kwenye sahani ya maabara yenye chakula chao na kulazwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37 mpaka waote, ndipo watofautishwe. Waliokufa hawaoti.

Na wanakufa upesi kuliko watu wanavyodhani. Choo kikishatoka mwilini, bakteria wa kawaida wa utumbo huendelea kula, na wakila hutoa asidi. Shigella, aina ya bakteria wa kuhara damu aliyetambuliwa na Kiyoshi Shiga huko Japani mwaka 1897, haihimili asidi hiyo. Kikopo kilichokaa dirishani tangu alfajiri hadi adhuhuri kinaweza kufika maabara bila Shigella hata mmoja aliye hai, ilhali mgonjwa bado anahara damu nyumbani. Ndiyo sababu tunahimizwa kukifikisha ndani ya muda wa saa mbili.

Kukusanya kwenyewe hakuna ugumu. Kojoa kwanza, mkojo usichanganyike na choo. Kwenye choo cha shimo tumia poti au beseni safi, lililosuuzwa hadi dawa ya kuulia vijidudu isibaki, kwani dawa hiyo haichagui wa kuua. Kama kuna damu au ute, chota hapo hapo. Ndipo vijidudu wanaotafutwa kwa darubini na sahani walipo wengi. Kiasi cha punje ya karanga kinatosha, na kwa choo cha majimaji mililita 5. Funga kifuniko barabara, andika jina, tarehe na saa, kisha nawa mikono kwa sabuni. Wapo wanaoona haya kubeba kikopo hicho, wakasubiri jioni foleni iishe. Nawasihi wasisubiri: kwa mtu wa maabara, hiyo ni kazi yake ya kila siku.

Zahanati iliyo mbali na maabara ina msaada mwingine. Mwaka 1964 watafiti Cary na Blair walieleza rojo la kusafirishia sampuli, lenye lishe haba na alkali kiasi, ambamo bakteria hubaki hai bila kuzidiana. Mhudumu huchovya kijiti cha pamba kwenye choo, hukizamisha ndani ya rojo, huvunja kipande cha juu na kufunga. Bakteria wa kipindupindu husafiri humo bila barafu. Shigella huhitaji ubaridi.

Kinachoniuma zaidi ni antibiotiki. Mtu huanza kuhara, hupitia duka la dawa, humeza vidonge vya siku mbili, na akizidiwa ndipo huja kupima. Dawa hiyo huenda haijamponya, lakini imepunguza bakteria kiasi kwamba sahani haioti kitu. Inapowezekana, choo kichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Hata hivyo mgonjwa aliyeishiwa maji asicheleweshwe kwa ajili ya kikopo: ORS na dripu haviharibu kipimo, vianzwe mara moja.

Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili, tatu, pengine zaidi. Yakisema hakuna kilichoota, daktari anapaswa kujua kama bakteria hawakuwapo au waliuawa njiani. Hawezi kulijua hilo kwa kuitazama sahani. Basi ukikabidhi kikopo, taja kila dawa uliyomeza, hata ile uliyopewa na jirani, na uombe iandikwe kwenye fomu pamoja na saa choo kilipotoka.