Maneno 300 yanayoamua kama utafiti wako wa Geita au Shinyanga utasikika

- Ikisiri ndiyo kitu wanachosoma waandaaji wa kongamano kabla ya kukupa au kukunyima nafasi.
- Kosa kubwa ni kuahidi matokeo badala ya kuyataja.
- Kibali cha maadili, usiri wa wachimbaji na makongamano feki ni mambo ya kuangalia kabla hujabonyeza ‘tuma’.

Geita. Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu Kanda ya Ziwa, vijana wa vyuo wenye dodoso si wageni. Wanafika, wanauliza zebaki inatumikaje, wengine wanachukua sampuli za maji, udongo au nywele, kisha wanaondoka.

Majibu yao mara nyingi huishia kwenye ripoti ndefu iliyopangwa kwenye rafu ya maktaba ya chuo. Daktari wa wilaya haioni, ofisa madini haioni, na mchimbaji aliyetoa saa nzima kujibu maswali haioni pia.

Njia mojawapo ya kuyatoa majibu hayo kwenye rafu ni kuyapeleka kwenye kongamano la kisayansi. Huko watafiti, wataalamu wa Serikali na wadau wa sekta hukaa ukumbi mmoja. Tatizo ni kwamba mlango wake ni mwembamba: ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti ambao kwa kawaida hauzidi maneno 250 hadi 300.

Ukanda huu una cha kusema

Mtu akidhani utafiti wa machimboni hauna soko, aangalie kijiji cha Rwamagasa mkoani Geita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO). Wanasayansi walichunguza mazingira pamoja na afya za watu, na mpaka leo jina la kijiji hicho linatajwa kwenye maandiko ya kitaalamu kuhusu zebaki.

Suala lenyewe halijaisha. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu unachangia zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote inayoingizwa hewani na shughuli za binadamu duniani.

Shinyanga nayo ina historia yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti kwenye ardhi iliyokuwa imekauka kwa kutumia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo mada zipo. Kinachobaki ni namna ya kuzifikisha.

Inavyofanya kazi

Waandaaji hutoa tangazo la kupokea ikisiri miezi kadhaa kabla ya kongamano. Tangazo hutaja mada kuu, mada ndogo, idadi ya maneno, lugha na siku ya mwisho. Kwa utafiti wa afya, kongamano linalofahamika zaidi nchini ni lile la kisayansi linaloandaliwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Vyuo vikuu navyo huwa na makongamano yao.

Ukishatuma, ikisiri hupewa wahakiki, mara nyingi bila jina lako kuonekana. Kila mmoja anatoa alama: je, swali linaeleweka, njia ni sahihi, matokeo yapo, na yanahusiana na mada?

Ikipita, unapewa nafasi ya kuwasilisha kwa mdomo, kwa kawaida dakika 10 hadi 15, au kwa bango linalobandikwa ukumbini huku ukijibu maswali ya wanaopita. Bango si adhabu. Kwa anayeanza, mazungumzo ya ana kwa ana na watu watano wanaojua mada yake yanaweza kumsaidia kuliko dakika 10 jukwaani.

Sehemu nne za ikisiri

Karibu kila tangazo linataka mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Usuli: Tatizo ni nini na nani linamuumiza. Sentensi 2 zinatosha.
2. Njia: Ulifanya nini, wapi, lini, kwa watu wangapi na uliwapataje.
3. Matokeo: Ulichokipata, kwa namba. Hapa ndipo maneno mengi zaidi yaende.
4. Hitimisho: Matokeo yana maana gani na nani afanye nini.

Wengi wanakosea kwa kutumia nusu ya maneno kwenye usuli. Wanaeleza dhahabu ni muhimu kwa uchumi wa Taifa, jambo ambalo mhakiki analijua, halafu wakifika kwenye matokeo nafasi imekwisha.

Angalia mifano hii miwili, namba zake ni za kubuni.

Dhaifu: “Utafiti ulichunguza matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo. Matokeo yatajadiliwa na mapendekezo yatatolewa.”

Imara: “Kati ya wachenjuaji 120 waliohojiwa kwenye mialo 6 Machi 2024, 84 walichoma dhahabu bila kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki, na 51 kati yao walichomea nyumbani.”

Wa kwanza anaomba aaminiwe. Wa pili ameshakuambia kuna familia zinavuta mvuke wa zebaki ndani ya nyumba zao, na ofisa afya anayesoma anajua aanzie wapi.

Kama hujamaliza kuchambua data, soma tangazo vizuri. Baadhi ya makongamano yanapokea utafiti unaoendelea, mradi useme wazi kuwa matokeo ni ya awali. Mengine hayapokei. Kupika namba ili kuwahi dedilaini ni udanganyifu wa kitaaluma, na ukibainika unaweza kukugharimu shahada.

Kibali na siri za watu

Utafiti unaohusu afya za watu unahitaji kibali cha maadili kabla ya kukusanya data, na makongamano mengi huuliza namba ya kibali hicho. Cheti cha NIMR huja na masharti, likiwamo la kupata ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo. Yasome mapema pamoja na msimamizi wako.

Kila jina linaloandikwa kama mwandishi lazima mwenyewe awe ameiona ikisiri na kukubali. Kumweka mwalimu “kwa heshima” bila kumwambia ni kosa, na kumwacha mwenzako mliyekusanya naye data ni kosa pia.

Jambo linalosahaulika zaidi ni usalama wa waliokujibu. Kuchimba bila leseni ni kosa kisheria, na baadhi ya wanaozungumza na watafiti hawana leseni. Ukiandika “mwanamke pekee mwenye karasha” katika kijiji fulani, hujataja jina lake lakini kijiji kizima kimeshamjua. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini. Taja wilaya badala ya kitongoji pale ambapo kundi ni dogo.

Kongamano feki linajulikanaje?

Mwaka 2005 wanafunzi 3 wa chuo cha MIT nchini Marekani walitengeneza programu inayoandika makala za kisayansi zisizo na maana yoyote. Wakaituma moja kwenye kongamano lililopangwa kufanyika Orlando, Florida. Ilikubaliwa.

Biashara hiyo ina pesa. Mwaka 2019 mahakama nchini Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS, iliyokuwa ikiendesha majarida na makongamano, kulipa zaidi ya Dola milioni 50 katika kesi ya udanganyifu iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya nchi hiyo.

Kuwa makini ukiona:

- Barua pepe inayokusifia sana huku ikikosea fani yako.
- Kongamano moja linalochanganya madini, uuguzi, sheria na kilimo.
- Jibu la “umekubaliwa” ndani ya saa chache.
- Kamati ya wataalamu ambao vyuo vyao havipatikani.
- Presha ya kulipa ada leo hii.

Kabla hujalipa, muulize msimamizi au mkutubi wa chuo kama wanalifahamu kongamano hilo. Usikate tiketi kabla hujapata barua rasmi ya kukubaliwa.

Gharama na kutuma kwa simu

Ikisiri kukubaliwa hakumaanishi utasafirishwa. Ada ya usajili, nauli na malazi kwa kawaida ni juu yako, lakini makongamano mengi yana bei nafuu kwa wanafunzi na mengine yana ufadhili wa safari. Mara nyingi ufadhili huo unaombwa kwenye fomu ileile ya ikisiri, kwa kuweka alama ya tiki. Usipoiweka, nafasi imepita.

Unaweza kutuma kwa simu. Andika kwanza kwenye dokumenti ya kawaida, hesabu maneno, kisha nakili na ubandike kwenye fomu. Mtandao ukikatika ukiwa unaandika moja kwa moja kwenye tovuti, kazi inapotea.

Angalia pia saa. Tangazo likisema 23:59 GMT, hapa Tanzania ni saa 8:59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Likitumia saa za nchi nyingine, piga hesabu mapema. Ukishatuma, hifadhi namba ya uthibitisho.

Ukikataliwa, omba maoni ya wahakiki, rekebisha na upeleke kwingine. Ila usitume ikisiri moja sehemu mbili kwa wakati mmoja kama tangazo linakataza.

Na ukikubaliwa, chukua maneno hayo 300, yaweke kwa Kiswahili chepesi na umpelekee mwenyekiti wa kijiji au kikundi cha wachimbaji uliowahoji. Kuyasoma kwenye mkutano hakuzidi dakika 5, na pale ndipo anayechomea dhahabu jikoni anaweza kuamua kuhamia nje.