Unanunua kalamu ya wino au unanunua nyota?

WAJAMENI, leo tuongee kalamu. Siyo zile peni za kawaida unazoazima benki halafu "unasahau" kurudisha. Naongelea kalamu ya wino yenyewe, yenye nibu, ile ambayo zamani ukiiona kwenye mfuko wa shati la mtu unajua huyo ama ni mwalimu mkuu ama karani wa mahakama.

Watoto wa mjini bado wanazitamani. Huyu anataka kusaini cheti cha ndoa kwa madaha, yule anatafuta zawadi ya bosi, mwingine anataka tu kuuza sura kikaoni. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba wengi wanakagua kifuniko, kishikizo na boksi, halafu wanasahau kukagua kile kinachoandika. Hapo ndipo wanapolizwa.

KIGUGUMIZI MBELE YA MKWE

Swahiba wangu mmoja alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Baba wa binti ni mwalimu mstaafu, jamaa akaona zawadi ya maana ni kalamu. Akaichukua kwa mchuuzi mmoja wa mtaani: nyeusi tii, nyota nyeupe kichwani, nibu inang'aa kama dhahabu na imechorwa namba 4810. Pesa aliyotoa ingelipa kodi ya chumba mwezi mzima. Mimi nilikuwa mmoja wa wapambe, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Baada ya shikamoo na soda, mzee akafungua boksi, akashukuru, akaagiza aletewe chupa yake ya wino. Neno la kwanza likatoka. La pili likatoka nusu. La tatu, kimya! Mzee akatabasamu: "Mwanangu, zawadi yako nimeipokea kwa mikono miwili, ila kalamu hii ina kigugumizi." Sebule nzima kicheko. Kisha akachomoa mfukoni Hero yake ya Kichina, imechubuka rangi, akaandika mistari mitatu bila kukwama. Swahiba wangu alitamani ardhi ipasuke.

Sasa sikia. Namba 4810 huandikwa na Montblanc kwenye nibu za kalamu zao za Meisterstück. Ni takriban urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, na ile nyota ni theluji ya kileleni. Lakini nyota na namba mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuchonga. Kinachomshinda mwigaji ni kuifanya kalamu iandike vizuri.

ITAZAME KWENYE NCHA

Nibu ina meno mawili yenye mwanya mwembamba katikati. Wino hunyonywa kwenye mwanya huo wenyewe, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Ndiyo maana hukandamizi. Unagusa tu karatasi. Mwanya ukibana mno, au wino usipofika kwenye ncha, ndiyo kile kigugumizi cha ukweni.

Kwa hiyo ukiwa dukani, washa tochi ya simu yako. Itazame nibu kwa mbele: meno yote mawili yawe usawa mmoja. Jino moja likipanda juu ya mwenzake, kalamu itakwaruza karatasi kama ukucha wa kuku. Kisha omba kuchovya kwenye wino. Andika namba nane nyingi mfululizo, halafu saini yako mara tano, kwa mkono mwepesi. Andika kwenye karatasi ya daftari la kawaida, siyo ile laini ya kwenye boksi. Wino ukisambaa kama mizizi, tafuta nibu nyembamba zaidi, yenye herufi F. Nibu za Kijapani kwa kawaida huandika nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile.

Mwisho funga kifuniko, subiri dakika chache, andika tena. Kifuniko kisichobana hukausha wino, na kila asubuhi utaanza kwa kuitikisa kalamu. Ukiitikisa na shati jeupe, shauri yako.

DHAHABU INA MWISHO WAKE

Hapa ndipo wengi wanapigwa bao. Nibu ya dhahabu kweli huandikwa 585, yaani karati 14, au 750, yaani karati 18. Yenye rangi ya dhahabu bila namba mara nyingi ni chuma kilichopakwa. Na bei ikiwa ya kichochoroni, usiiamini hata namba. Nyingine zimeandikwa "Iridium Point Germany". Maneno hayo peke yake si ushahidi kwamba kalamu imetoka Ujerumani.

Lakini jambo kubwa ni hili: kinachogusa karatasi siyo dhahabu. Mwishoni mwa nibu nzuri huchomelewa kichembe cha metali ngumu sana, iwe nibu yenyewe ni ya dhahabu au ya chuma. Dhahabu haishiki kutu, na nyingine hunepa kidogo mkononi, raha yake ipo. Ila nibu ya chuma iliyotengenezwa vizuri inaandika miaka na miaka. Lamy Safari, iliyoingia sokoni mwaka 1980, ina mwili wa plastiki na nibu ya chuma. Hero 616 yenyewe imefuata umbo la Parker 51, ambayo ilianza kuuzwa 1941.

Uliza pia itakula nini. Parker, Lamy na Pilot kila moja ina vibomba vyake vya wino, haviingiliani. Mimi nashauri uchukue yenye kidude cha kunyonyea wino chupani. Chupa moja unakaa nayo muda mrefu. Usiweke wino wa kuchorea, utagandia ndani na kalamu imekwisha. Ioshe kwa maji baridi kila baada ya muda, basi. Ukinunua kuukuu, hakikisha inavuta wino mbele ya macho yako, maana nyingi zina kifuko cha mpira ambacho hukauka na kupasuka.

Muuzaji akikukatalia kuchovya, mwambie asante, ondoka zako. Kalamu nzima hujaribiwa bila woga. Na kama zawadi yako inakwenda kwa mzee aliyeandika ubaoni miaka thelathini, chukua ya chuma inayoandika, weka chupa ya wino pembeni, chenji inayobaki kanunulie mama mkwe kitenge. Hapo hata posa itasikilizwa vizuri!