Kokoto Chini ya Upenu: Pambo la Mwabungo Lenye Kazi

Ukitoka Ukunda ukaishika barabara ya Msambweni, hutakawia kuingia Mwabungo, na huko utakuta pambo moja kwa sura mbili. Upande wa baharini, kuelekea Galu, ziko nyumba za kifahari ambazo nyua zake zimemwagwa vijiwe vyeupe vilivyolingana kama punje za mahindi. Upande wa bara, ndani ya minazi na miembe, ziko nyumba za viambaza zenye mstari wa kokoto chini ya upenu. Watu hulisifu lile la kwanza na kulipiga picha. Mimi, ndugu msomaji, nataka kulisemea hili la pili.

Ardhi ya huku huchimbi sana kabla jembe halijalia juu ya jiwe. Huo ni mwamba wa matumbawe uliokuwa chini ya bahari kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, kwa hesabu ya wataalamu, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo. Jiwe hilo ndilo lililojenga misikiti ya kale ya pwani, ukiwamo ule wa Kongo ulioko Diani penye mlango wa mto Mwachema. Ndilo lililochomwa likawa chokaa. Na vipande vyake vidogo, visivyofaa kwa jengo la mawe, vilipewa kazi katika nyumba ya mtu wa kawaida.

Asiyejua kiambaza hudhani ni udongo mtupu. Sivyo hata kidogo. Mafundi husimamisha nguzo, wakafunga fito, kisha wakajaza udongo na kupachika vijiwe ndani yake. Na ile kazi ya kumalizia, ya kuziba mianya kwa udongo na vijiwe, ndiyo iitwayo kutomea. Ukuta uliotomewa vizuri hauogopi mvua ya juu, maana makuti huizuia. Adui wake ni tone linalochuruzika kutoka kwenye makuti, likaanguka chini na kurusha tope ukutani. Masika mawili matatu, mguu wa ukuta umeliwa. Basi wazee wakamwaga kokoto mahali hasa tone linapoangukia. Tone likipiga kokoto huvunjika, maji hupenya polepole, na ukuta hubaki mkavu. Uzuri wa macho ulikuja nyuma ya kazi hiyo.

Wala si jambo geni kwetu Waislamu kuona kheri katika changarawe. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba usiku mmoja mvua ilinyesha Madina, sakafu ya msikiti ikalowa, na mtu akaleta changarawe katika nguo yake akazitandaza chini yake. Mtume (S.A.W.) alipomaliza kusali alilisifu jambo lile. Baadaye Sayyidna Omar akaamuru changarawe ziletwe kutoka bonde la Al-Aqiq zitandazwe msikitini. Na katika madhehebu yetu ya Kishafi ni sunna kunyunyizia kaburi maji na kuliwekea changarawe. Mlango uo huo wa Abu Daud wataja pia kwamba kijiwe humsihi yule anayekitoa msikitini asikitoe.

Sisemi kwamba ufuo ni msikiti. Lakini hunijia akilini kila nionapo gunia likijazwa vijiwe kando ya maji. Ufuo wa Galu ni wa mchanga. Vijiwe ni haba, na vingi ni vipande vya matumbawe yaliyokufa, vilivyotupwa na mawimbi ya Kusi. Mchanga wenyewe kwa sehemu kubwa ni unga wa matumbawe na makombe, kwa hivyo kipande kinachobebwa leo ndicho mchanga wa kesho. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na bahari hii imo katika hifadhi ya Diani-Chale, iliyotangazwa mwaka 1995. Jirani hapo, katika Kaya Kinondo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, mgeni haruhusiwi kutoka na kijiti wala kijiwe. Ufuo hauna mzee wa kukagua mifuko ya watu.

Na haja yenyewe haipo. Katika machimbo ya Kwale, matofali ya mawe yakishakatwa, mabaki hulala chungu nzima. Kina mama hukaa kivulini, nyundo mkononi, wakiyavunja yawe kokoto na kuyauza kwa karai yaende kwenye zege. Mwenye ua angenunua kwao angepata weupe ule ule, na fedha zake zingelala Kwale.

Kokoto ya chimbo ina kasoro zake, sitazificha. Ina makali, na watoto wetu hutembea miguu mitupu. Njia ya kupita ni heri itandikwe bapa za jiwe la Mazeras. Pia ina chokaa. Asmini iliyozungushiwa kokoto hadi shinani huweza kugeuka majani ya manjano, kwa sababu chokaa huuzuia mzizi kupata chuma kilichomo udongoni. Acha nafasi ya shubiri mbili.

Kutandaza kwenyewe si kazi ya fundi. Chimba vidole vinne, shindilia udongo uinamie nje, mbali na ukuta, weka kokoto kubwa chini na ndogo juu, kisha pakana kwa mawe makubwa. Usimwage saruji chini yake kama wafanyavyo wengine wenye uwezo, kwani visima vyetu hujazwa na mvua inayopenya mwambani, na saruji huifukuza mvua hiyo ikapotelea barabarani. Baada ya Masika kokoto huota ukijani. Zikusanywe kwa reki, zioshwe, zianikwe juani siku mbili, na zirudishwe. Kwa ua wa kawaida, kuzikusanya na kuziosha ni kazi ya asubuhi moja.