Je, Wajua? Wanyama Nao Wana Saa Zao

Je, wajua kwamba fuko anayekumalizia viazi vitamu shambani Kamukuywa, hapa Bungoma, anaenda kwa saa, ingawa anaweza kupitisha siku nzima bila kuliona jua? Jennifer Jarvis, aliyewachunguza fuko wa Kenya, aliandika mwaka 1973 kwamba mnyama huyu huchimba na kutafuta chakula zaidi mchana, na usiku hukaa kiotani.

Je, wajua kwamba mnyama aliyefungiwa anaweza kumdanganya mtafiti? Tuko-tuko wa Argentina, anayeishi chini ya ardhi kama fuko wetu, hutoka mchana akiwa kwao. Mpeleke maabara: anageuka kuwa mnyama wa usiku. Panya wa miiba wanaoishi kwenye mawe karibu na Bahari ya Chumvi hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2017 Wamarekani watatu walipata Tuzo ya Nobel kwa kufichua jeni zinazoendesha saa ya mwili, na kazi hiyo waliifanya kwa nzi wadogo wa matunda waliofugwa maabara. Ni kazi kubwa. Lakini nzi wa kwenye chupa hanyeshewi, hawindwi, wala hahangaiki kutafuta chakula. Saa anazaliwa nayo. Ni saa ngapi atoke, hilo huamuliwa na mahali anapoishi. Ndiyo maana nawaheshimu sana wanaokesha porini.

Je, wajua kwamba tembo hubadilisha ratiba wakiona hatari? Mtafiti Mkenya Festus Ihwagi na wenzake walifuatilia tembo 60 wa Laikipia na Samburu waliovishwa kola za GPS kati ya 2002 na 2012. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: ujangili ulipozidi, tembo walipunguza mwendo wa mchana na kutembea zaidi usiku. Jangili alikuwa amewapangia saa za kutembea. Mwaka huohuo jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti 76 kuhusu aina 62 za mamalia kutoka mabara mbalimbali, na ukaonyesha jambo lilelile: wanyama wanatukimbia kwa kuhamia gizani. Hata pale tunapopita tu, bila bunduki.

Je, wajua tembo hulala muda gani? Majike wawili viongozi wa makundi katika hifadhi ya Chobe, Botswana, walipimwa kwa siku 35 kwa kifaa kilichopandikizwa kwenye mkonga. Wastani ulikuwa saa mbili kwa siku. Kuna nyakati walikaa hadi saa 46 bila kulala.

Na wale wa Mlima Elgon? Usiku huingia pango la Kitum, umbali wa mita nyingi ndani ambako giza ni totoro, wakipapasa njia kwa mkonga. Humegua ukuta kwa pembe na kutafuna mawe kwa ajili ya chumvi. Alama za pembe zimejaa ukutani. Humo humo wanaishi popo wala matunda, ambao magharibi hutoka kutafuta chakula na hujiongoza gizani kwa kugonganisha ulimi na kusikiliza mwangwi.

Je, wajua kwamba mbu wa malaria naye ana saa yake? Kwa kawaida Anofelesi huuma zaidi usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, na hapo ndipo neti inapofanya kazi. Kulijua hilo kulihitaji watu wa kukaa macho usiku kucha, miguu wazi, wakimnasa kila mbu anayetua kwa kijibomba cha kumfyonza na kumweka kwenye kikombe cha saa husika. Katika kijiji kimoja cha Benin, miaka mitatu baada ya kila nyumba kupata neti, kilele cha kuuma kilisogea kutoka kama saa nane usiku hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Kwa Bungoma, ambako malaria si hadithi, habari hiyo inamhusu kila anayeamka mapema kukamua ng'ombe.

Je, wajua kwamba kumbikumbi wa aina tofauti huruka saa tofauti? Wengine huruka mchana baada ya mvua, wengine jioni, wengine usiku, na kwa hivyo aina hazichanganyikani wakati wa kujamiiana. Wazee wa magharibi mwa Kenya wanazijua saa hizo vizuri, na watoto hugonga vijiti juu ya kichuguu ili mchwa wadhani mvua imefika.

Je, wajua kwamba Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, iko jirani? Ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazopanuka asizame matopeni. Jua likiwa kali hujificha kwenye matete. Kutoka Kamukuywa shika matatu hadi Kitale, kisha barabara ya Kapenguria. Ndani ya mbuga unatembea kwa miguu. Uwe juu ya jukwaa la mbao la kutazamia wanyama kunapopambazuka, au urudi jioni. Ukifika saa sita mchana, utayaona matete tu.