Spika kuukuu haijafa, ni ukingo wake uliooza

Na Mwandishi Wetu

SPIKA kubwa za sebuleni zilizotengenezwa katika miaka ya 1970, 1980 na 1990 zina ugonjwa mmoja unaofanana. Sauti nzito ya besi hupungua, kisha hufuata mkwaruzo, na mwenye nyumba akiondoa kitambaa cha mbele hukuta duara la sponji linaloizunguka koni limepasuka, au limegeuka vumbi jeusi lililoanguka chini ya kasha.

Hapo wengi huamua kwamba spika imekufa. Nyingine huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Nyingine hupelekwa kwa fundi ambaye huing'oa spika ya asili na kupachika mpya ya bei nafuu yenye inchi zilezile, lakini isiyowiana na kasha lile, na mwenye mali hubaki akishangaa kwa nini muziki umepoteza utamu wake wa zamani.

Ukweli ni kwamba katika spika nyingi za namna hiyo sumaku, koili na koni bado ni nzima. Kilichokufa ni utepe wa sponji wenye upana wa kidole kimoja au viwili, nao unaweza kubadilishwa nyumbani na mtu yeyote mwenye subira na mkono mwepesi.

Ili kuelewa umuhimu wa utepe huo, inafaa kujua jinsi spika inavyofanya kazi. Nyuma ya koni kuna mrija mdogo uliozungushiwa waya mwembamba, yaani koili, unaoelea ndani ya mwanya wa sumaku. Umeme wa amplifaya unapopita katika waya huo, koili huenda mbele na nyuma pamoja na koni, na koni ndiyo inayosukuma hewa hadi masikioni mwetu.

Koili haipaswi kuigusa sumaku hata kidogo, na nafasi iliyopo kila upande huwa chini ya milimita moja. Vitu viwili ndivyo vinavyoishikilia katikati: kitambaa chenye mikunjo kilichofichwa nyuma ya koni, na ukingo unaoonekana mbele.

Ukingo una kazi nyingine mbili. Huzuia hewa ya ndani ya kasha isivuje kwenda nje, na humeza mitetemo inayofika pembezoni mwa koni ili isirudi katikati na kuichafua sauti.

Spika za zamani zaidi zilikuwa na ukingo wa karatasi ileile ya koni iliyokunjwa, au wa kitambaa kilichopakwa dawa. Mabadiliko yalianzia Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research mwaka 1954 na kutoa spika iliyoitwa AR-1.

Wazo la Villchur lilikuwa kwamba hewa iliyofungwa ndani ya kasha dogo inaweza kufanya kazi ya springi ya kuirudisha koni mahali pake. Kwa kuwa hewa ndiyo iliyokuwa springi, ukingo na kitambaa cha nyuma vilitakiwa kuwa laini mno. Kwa njia hiyo kasha la kuweka juu ya rafu liliweza kutoa besi ambayo awali ilihitaji kasha kubwa mithili ya kabati.

Sponji ya poliurethani ilikidhi haja hiyo vizuri. Ni nyepesi, ni laini, humeza mitetemo na bei yake ni ndogo. Kloss, ambaye mwaka 1967 alianzisha kampuni nyingine iliyoitwa Advent, aliitumia katika spika iliyopendwa sana Marekani katika miaka ya 1970, na watengenezaji wengi walifuata njia hiyo.

Kasoro yake ilionekana baadaye. Sponji iliyotumika mara nyingi katika kingo za spika ni ile ya aina ya poliesta, ambayo minyororo yake ya kikemia hukatwa polepole na maji yaliyomo katika hewa. Oksijeni na mwanga wa jua huongeza uharibifu. Mwishowe sponji huwa nata kama lami, au hukauka na kumomonyoka inapoguswa.

Ndiyo maana spika iliyofungiwa stoo miaka 15 bila kupigwa hata mara moja huoza sawa na ile iliyofanya kazi kila siku. Na kwa kuwa joto na unyevunyevu huharakisha jambo hili, mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ana sababu ya kukagua spika zake mapema kuliko mtu wa nyanda za juu. Kwa kawaida ukingo wa sponji huishi kati ya miaka 10 na 20. Redio za miaka ya 1950 zenye ukingo duni wa karatasi, ambazo watu walizicheka zilipokuja hizi za sponji, nyingi zingali zikilia.

Pana hatari ambayo wengi hawaitambui. Ukingo ukikatika upande mmoja, koni hulemea upande huo. Koili huanza kusugua ukuta wa sumaku kila inapocheza, rangi inayoukinga waya huchubuka, na hatimaye waya hukatika au hugusana. Spika iliyohitaji utepe wa sponji sasa inahitaji koili mpya, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Anayesikia mkwaruzo na azime muziki, asiongeze sauti ili aufunike.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba spika inafaa kutengenezwa. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, isukume ndani taratibu kisha uiachie. Ikienda kimya, koili ni salama. Ikikwaruza hata baada ya kuisogeza kidogo huku na huku, huenda koili imeharibika, au sumaku imehama kutokana na kuanguka. Mita ya fundi umeme nayo husaidia: spika iliyoandikwa omu 8 husomeka takriban 6, na ya omu 4 husomeka takriban 3. Mita isiposoma chochote, waya umekatika.

Kosa kubwa linalofanyika katika ununuzi ni kuagiza ukingo kwa kutaja inchi pekee. Spika mbili zinazoitwa za inchi 8 zinaweza kuwa na koni za ukubwa tofauti. Pima kipenyo cha koni, kipenyo cha fremu mahali ukingo unapogundishwa, na mwanzo na mwisho wa sehemu iliyovimba ya ukingo. Andika pia namba iliyopo nyuma ya sumaku. Angalia kama mdomo wa ndani wa ukingo ni bapa au umeinama kufuata mteremko wa koni, na kama umegundishwa mbele ya koni au nyuma yake.

Kingo mpya huuzwa kwa jozi, na inafaa kubadilisha zote mbili hata kama moja bado inaonekana nzima. Ilizaliwa siku moja na mwenzake.

Wapo wanaokata duara kutoka katika mpira wa ndani wa tairi, au wanaoziba nyufa kwa silikoni. Mwandishi amewahi kusikiliza spika iliyotengenezwa kwa mpira wa baiskeli. Ilipendeza kwa macho, lakini besi yake ilikuwa kavu kama debe. Sababu yake si siri. Ukingo mgumu au mzito hubadilisha mtetemo wa asili wa koni, na kasha lilipimwa kwa ukingo laini.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua skrubu na kuitoa spika. Weka alama kwenye nyaya kabla ya kuzitenganisha, ili chanya na hasi visije vikabadilishana. Tahadhari na sumaku, kwani hunyakua bisibisi na kuigonga kwenye koni.

Bandua pete ya karatasi ngumu iliyozunguka fremu, kwa kuwa itarudi mahali pake. Kisha ondoa sponji iliyooza na gundi ya zamani. Katika fremu ya chuma unaweza kukwangua na kufuta kwa spiriti bila woga. Katika koni ya karatasi, kwangua polepole kwa kucha au kisu butu na utumie spiriti kidogo sana, kwani karatasi ikilowa hulegea. Igeuze spika kifudifudi mara kwa mara ili vumbi lidondoke chini, lisiingie kwenye mwanya wa sumaku.

Hatua hii huchosha, na ndiyo inayoharakishwa na wengi. Gundi mpya ikipakwa juu ya mabaki ya sponji iliyooza itashika mabaki hayo, si koni, na baada ya miezi michache ukingo utaachia.

Kwa koni ya karatasi, gundi nyeupe ya maji inayotumiwa na maseremala inafaa sana. Hukauka polepole na kukupa muda wa kusahihisha, na ikikauka haiwi ngumu kama kioo. Gundi ya haraka inayoshika kwa sekunde chache haifai, kwa sababu haikupi nafasi ya kukosea. Koni ya plastiki ni suala jingine: gundi nyeupe haiishiki vizuri, hivyo nunua gundi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Gundisha ukingo kwenye koni kwanza, na uache ukauke usiku kucha. Usiugundishe kwenye fremu siku hiyohiyo.

Siku ya pili ndiyo ya mtihani wenyewe, yaani kuiweka koili katikati. Njia ya uhakika zaidi ni kukata kwa wembe kifuniko kidogo cha duara kilichopo katikati ya koni, na kuingiza vipande vyembamba vya plastiki au karatasi kuzunguka koili ili visiiruhusu kusogea. Gundi ya fremu ikishakauka, vipande hutolewa na kifuniko hurudishwa.

Wasiotaka kukata kifuniko hutumia sikio. Paka gundi kwenye fremu, laza ukingo, kisha sukuma koni juu na chini kwa vidole huku ukiusogeza ukingo kidogo kidogo mpaka mkwaruzo upotee kabisa. Wengine huipigia spika mlio wa mitetemo 30 hivi kwa sekunde kwa sauti ndogo. Mlio huo huisogeza koni taratibu, na mguso wowote wa koili husikika. Binafsi naona anayeanza afuate njia ya vipande, ingawa inamlazimu kukata kitu ambacho hakikuharibika.

Ukiridhika, bana ukingo kwenye fremu kwa vibanio vya kuanikia nguo, na usiiguse spika kwa saa 24.

Baada ya kuirudisha kwenye kasha, hakikisha kwamba hewa haivuji mahali spika inapokaa. Mpira au utomvu wa zamani uliokauka ubadilishwe. Katika kasha lisilo na tundu, kama yale ya AR na Advent, kipimo ni rahisi: sukuma koni ndani kidogo na uiachie. Ikirudi kwa kusitasita, kasha limezibwa vizuri. Ikirudi papo hapo, tafuta panapovuja.

Kwa aliyesahau kuweka alama kwenye nyaya, betri ya tochi ya volti 1.5 itamsaidia. Gusisha kwa nukta moja chanya ya betri kwenye kishikizo chekundu na hasi kwenye cheusi; katika spika nyingi koni huruka nje. Spika nyingi za JBL za zamani hufanya kinyume na kuingia ndani, kwa kuwa ndivyo kampuni hiyo ilivyozitengeneza, basi mwenye jozi ya aina hiyo asibadilishe nyaya akidhani amekosea. La msingi ni spika zote mbili kuelekea upande mmoja, la sivyo besi ya moja itafuta ya nyingine.