Sarafu za Twiga na Ghala la Oloolua

Mwalimu wa fizikia asiye na kitu chochote nururifu maabarani bado ana sarafu. Achukue mia moja za shilingi moja, zile za 2018 zenye twiga, azimwage mezani, aondoe kila iliyolala twiga juu, kisha arushe zilizobaki. Mia huwa hamsini hivi, hamsini huwa ishirini na tano hivi. Sarafu ipi itatoka safari ijayo hakuna ajuaye, ila jumla haiendi mbali na nusu. Ndivyo atomu zinavyooza. Naona somo hilo linaingia vizuri zaidi kuliko ule mchoro wa kukariri wa kidato cha nne: mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, beta na bamba la alumini, gama hutaka risasi nene.

Hapa Kenya, mjini Kitengela, mchoro huo una jirani. Katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado, Oloolua upande wa Ngong, ndiko kuliko kituo kikuu cha taifa cha kuhifadhi taka nururifu, chini ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Huko hupelekwa vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi.

Na kazi vimeifanya. Gama ya kobalti-60 huchoma saratani; nguvu yake hupungua nusu kila miaka 5 na robo. Mfugaji wa Nguruman anayemjua mbung'o atapendezwa na habari ya Unguja: kuanzia 1994, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yalihasiwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege. Majike yakapandwa bila kuzaa, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o.

Hatari huanza chanzo kinapokosa mwenyewe. Mwaka 1987, Goiânia nchini Brazil, watu waliingia kliniki iliyoachwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya tiba ya mionzi na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana kama pambo. Wanne walikufa, 249 wakapatikana na uchafuzi wa unga huo.

Kwa hiyo wewe unayepima skrapu Kitengela: ukiletewa chombo kidogo kizito kupita kiasi, chenye alama ya mapanga matatu meusi, kama ya feni, juu ya manjano, usikipasue wala usikinunue. Ondoa watu, kaa mbali, piga simu polisi.